Kiende, Meneja wa Hoteli ya Ewaso Nyiro

Mchungaji, wazee, majirani, na ndugu zetu Waislamu mliofika, salaam aleikum na habari za asubuhi. Naitwa Mwirigi, na kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya dada yangu, Kiende.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 hapa Kambi ya Juu, kifungua mimba wa marehemu M'Ikiara na mama yetu Gaceri, akasoma papa hapa Isiolo, na mwaka 1995 akahitimu mafunzo ya hoteli jijini Nairobi. Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Munene, wakajaliwa watoto wawili, Kanana na Murithi.

Mwaka 2014, jumba la mawe la enzi za ukoloni, lililokuwa karantini ya mifugo kando ya mto Ewaso Nyiro, lilipogeuzwa kuwa hoteli ya kifahari, aliajiriwa kusimamia vyumba, na mwaka 2019 akawa meneja. Alilipenda jumba lile, lakini lilimnyima usingizi, kwa kuwa vyumba vya bei ghali ndivyo vilivyokaribia maji zaidi.

Tarehe 20 Novemba 2023, jua likiwaka, alipigiwa simu kwamba mto umevunja kingo huko juu, akawatoa wageni na wafanyakazi wote hadi barabarani, huku mwenye hoteli akimfokea kwenye simu, "Unaniharibia jina kwa maji ambayo hata hujayaona!" Alasiri yote maji hayakuja, wageni wakanung'unika, naye akawa anatembea huku na huku, asijue aombe yaje au yasije. Yalipofika, aligundua kwamba mpishi wake Fardosa, aliyekuwa mjamzito, amerudi ndani kuchukua mkoba. Kiende akaingia, maji yakiwa magotini, akamvuta nje, na ukuta wa chumba cha kulia ukaanguka nyuma yao.

Mwenye hoteli alikuja nyumbani kumwomba radhi, lakini moyo wa dada haukutulia tena, na kila wingu lilipotanda upande wa mlimani, mto unakotoka, alipiga simu kazini. Mwaka 2024 alipatikana na ugonjwa wa moyo, akalazwa tarehe 2 Mei 2025, na usiku wa mwisho alimuuliza mumewe, "Baba Kanana, wote wametoka?" naye akamjibu, "Wote, mama." Alituacha alfajiri ya tarehe 6 Mei.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake, akiwemo Fardosa, aliyekuja na mwanawe.

Sasa acha wasiwasi, dada. Pumzika kwa amani.