Shemeji Juu ya Paa Langu

Bwana asifiwe! Aa-aa, hiyo amina ni ya watu walioshiba. Nipeni ya kabla ya chakula. Bwana asifiwe! Ehee, hapo sawa.

Mama zangu wa Nyasura, mmezoea kuniona na kamera shingoni nikiwaambia msifumbe macho. Leo mimi ndiye natazamwa. Lakini nitasema.

Niliolewa Bugwema. Mume wangu alikuwaga mkulima wa pamba, mtu wa utani sana. Msimu mmoja pamba ilipokubali, akaninunulia simu yenye kamera. Weee! Nilipiga kila kitu: kuku, mihogo juani, watu wakitoka kanisani. Akawa ananitania, "Wewe hata nyoka akiingia ndani utamwambia kwanza atabasamu." Tulipoanza kujenga nyumba nikapiga picha kuanzia msingi. Majirani walikuja kusaidia, mama mkwe akaja, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye aliyepanda juu kupigilia bati.

Kisha mume wangu akaugua, akafariki. Naomba nipite hapo haraka, maana bado panauma.

Matanga hata hayajapoa, shemeji akaniambia nyumba na shamba ni mali ya ukoo. "Wewe uliikuta nyumba imesimama. Mwanamke anakuja na nguo zake, anaondoka na nguo zake." Ndugu zangu, nikawaendea majirani, wale wale tuliokanyaga nao udongo wa matofali. Kila mmoja anatazama chini: "Mambo ya ukoo hayo, mama. Sisi tutasemaje?" Shemeji akabadilisha kufuli. Nikatoka na wanangu, begi moja na simu, nikaja hapa kwa dada yangu, tukawa tunalala sebuleni. Kupiga picha nikaacha kabisa. Nikiifungua simu nalia, naifunga.

Siku moja baada ya maombi, mama mmoja wa hapa, mwenye duka la picha kule Musoma, akaniuliza mbona sichekagi. Nikampa simu aangalie. Badala ya kulia na mimi, akacheka! "Mwenzangu, unalia na kijiji kizima umekiweka mfukoni?" Akazisafisha picha zote, kubwa kubwa, wala hakunidai.

Nikapeleka shauri langu kwa mwenyekiti wa kijiji kule Bugwema. Siku alipoitisha mkutano kulisikiliza, nikatangulia na kamba ya kuanikia nguo na vibanio. Nikazitundika picha uwanja wa shule, kuanzia msingi mpaka bati. Watu wakajaa! Nani hapendi kujiona? "Jamani huyu si mimi? Nilikuwaga mwembamba!" Mwingine, "Hiyo ndoo ni yangu, na haijarudi mpaka leo!"

Shemeji naye alishasikia kuna picha yake. Mtu wetu huyu anapenda picha kuliko ugali. Akaja na koti la harusi, kwenye jua lile! Akajikuta yuko juu ya paa, nyundo mkononi, kifua mbele, na mimi chini, mimba imefika hapa, nampandishia misumari. Hiyo aliipiga mume wangu. Shemeji akanuna: "Hii mbona umeificha pembeni? Iweke katikati!"

Haya. Nikaiweka katikati.

Mwenyekiti akasogea. "Kijana, hapa ulikuwa unaezeka nyumba ya nani?"

"Ya kaka."

"Na huyu anayekupa misumari?"

Shemeji akaanza kuvua koti. Mama mkwe akainuka na fimbo yake, akaonyesha picha nyingine. "Mimi huyu hapa, nimebeba maji kichwani. Sikuubebea ukoo. Niliwabebea mwanangu na mkwe wangu. Mpe mwenzio ufunguo."

Hapo midomo ikafunguka. "Hata mimi nilikanyaga udongo!" "Hata mimi!" Wale wale, ndugu zangu. Kumbe ukweli walikuwa nao, walimkosa wa kuanza. Shemeji akautoa ufunguo, nikarudi nyumbani kwangu, nikapiga vigelegele peke yangu mpaka wanangu wakaniogopa.

Tangu hapo wanawake wananiitaga, Bugwema, Butiama mpaka huku Bunda: "Njoo unipige nikiwa shambani kwangu." Anasimama kwenye mihogo yake, mume pembeni, jirani wa mpakani pembeni. Kila baada ya mavuno tunazitundika kwenye kamba, kijiji kizima kinaona nani analima wapi.

Juzi juzi nikamkuta shemeji mlangoni na lile koti lake. Nikajiuliza, leo kuna nini tena? Nyuma yake mkewe, ameshika jembe. Akakohoa. "Shemeji, tupige shambani. Yeye asimame mbele. Nisije nikafa, wadogo zangu wakamfanyia kama mimi nilivyokufanyia." Mama zangu, picha ile ilitoka imetikisika, maana nilikuwa nacheka na kulia. Ikabidi nirudie.

Namshukuru Mungu. Asante dada yangu kwa sebule yako. Asante mama wa duka la picha. Asante mama mkwe, ambaye sasa kila Jumapili lazima nimpige picha na kilemba. Na ninyi, nawaomba neno moja: mjane akikosa shahidi mkutanoni, usitazame chini. Anza wewe.

Haya, tokeni nje tupige picha. Wajane mbele. Aa-aa, mama, wewe unayejificha nyuma ya nguzo, nimekuona. Mbele.