Mwalimu wa Kitendo na Nia: Bi Khole Anatuaga

Tarehe 30 Juni 2008, baada ya miaka kumi na minane ya kufundisha katika chuo chetu hapa Qurum, Maskati, Bi Khole binti Thani anastaafu. Mwenyewe anasema anapumzika tu. Sisi tuliomzoea tunajua kwamba keshokutwa atapiga simu kuuliza nani amegusa ubao wake.

Bi Khole alizaliwa Unguja, akasomea sheria Dublin, na kabla ya kuja kwetu mwaka 1990 alikuwa mfasiri serikalini. Alikabidhiwa somo la misingi ya dhima ya jinai katika sheria ya Ireland, kwa vijana wanaojiandaa kwenda kusoma huko. Somo hilo lilikuwa likiwatisha. Yeye alilianza kwa maswali mawili: mtu amefanya nini, na wakati anafanya alikuwa na nini moyoni. Kwa makosa mengi, kitendo bila nia mbaya hakitoshi. Nia bila kitendo nayo haitoshi. "Ingetosha," huwaambia, "Maskati nzima tungekuwa ndani, kwa yale tunayoyawaza barabarani."

Aliwafundisha pia kwamba, kwa kawaida, sheria ya huko haimlazimishi mpita njia kumwokoa mtoto wa mwenzake anayezama, ila baba mzazi inambana. Mwanafunzi mmoja, Zakiya, aliruka kitini. "Na Mungu je, mwalimu?" Bi Khole akamjibu, "Mtihani wake ni mwengine, mwanangu. Huu wangu ni wa Jumatano."

Ireland ilipobadilisha sheria ya wizi, na baadaye ilipopandisha umri wa mtoto kushtakiwa kutoka miaka saba hadi kumi na miwili kwa makosa mengi, aliandika masomo yake upya bila kuombwa.

Lakini somo tunalolikumbuka zaidi halikufanyika darasani. Juni 1999 dereva wetu, Audax, alitumwa soko la Mawaleh kununua matikiti maji ya mahafali. Nje ya chuo, kama kawaida ya joto letu, magari yalikuwa yameachwa yakinguruma ili yasipoteze ubaridi. Audax akaingia kwenye Corolla nyeupe, akaondoka. Alipofungua buti kule sokoni akakuta mazulia mapya. Gari lilikuwa la Bwana Ghanim, mzazi wa mwanafunzi, na letu, Corolla nyeupe vilevile, lilikuwa bado mlangoni. Audax akageuza papo hapo, bila hata tikiti moja.

"Mzee wangu, samahani," alimwambia Bwana Ghanim, aliyekuwa amesimama juani. "Nimeona mazulia ndiyo nikashtuka."

"Umeshtukia Mawaleh?" Bwana Ghanim akafoka. "Ungeshtukia hapa mlangoni!"

Mudir Nasr, mkuu wetu wa chuo, kwa aibu akaamua Audax aachishwe kazi. Viza yake ilikuwa ya chuo, kwa hiyo kuachishwa maana yake ilikuwa kurudishwa Bukoba. Bi Khole akaomba kikao, na Bwana Ghanim akaalikwa.

"Alidhani gari ni letu," Bi Khole alisema. "Alipojua si letu, alirudi. Kwa sheria ninayoifundisha, huyo si mwizi."

"Hapa si Dublin, Bi Khole."

"Nnajua, Mudir. Lakini vijana nnawafundisha nini, na sisi tunafanya nini?"

Mudir aliinuka. Alishuka kuchukua miwani yake garini ili asome karatasi ya kumwachisha Audax. Akarudi na kibweta cheusi cha miwani, akakifungua mbele yetu. Mlikuwa na miwani ya jua ya kike, yenye maua ya dhahabu.

"Mudir," akasema Lamya, mhasibu wetu, "hiyo yangu. Umeingia gari langu."

Hapo Bi Khole, kwa sauti ya darasani: "Kitendo kipo, na mashahidi tupo. Bado moyo. Nnakuuliza, ulidhani ya nani?"

"Yangu, bibi. Wallahi nilidhani yangu."

"Basi na Audax ndivyo."

Aliyeanza kucheka ni Bwana Ghanim. "Muacheni kijana wa watu," alisema huku akijifuta machozi. "La sivyo na Mudir aende Bukoba." Karatasi haikusomwa. Bi Khole anaapa mpaka leo kwamba hakupanga kitu.

Siku ya pili alileta kipande cha kanga nyekundu, akakifunga kwenye kioo cha pembeni cha gari la chuo. Kila kinapochakaa, Audax hufunga kingine.

Bi Khole, asante kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kuhukumu. Tunakuombea afya njema, wajukuu watulivu na asubuhi zisizo na kengele. Hafla ikimalizika, Audax atakuwa nje kukupeleka nyumbani, injini ikinguruma. Corolla nyeupe zitakuwa nyingi. Tafuta yenye kanga, mama, upande kwa amani.