Mtunza Stoo Aliyekataa Neno Dude

Basi akalishika lile bonge lililotoka kwenye moto wa karakana, akaligeuza, akalipuliza majivu, na wenzake wanamcheka: "Mzee Lebo, andika dude tutupe!" Akawajibu, "Dude wewe mwenyewe!"

Ndiye huyo mtunza stoo wetu. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na miwili ya kutunza vyuma vya kampuni ya mabasi. Andika hivyo hivyo kwenye hiyo barua ya kumuaga, mwanangu. Mimi ni mtu wa ufagio, kalamu sijui hata inashikwaje.

Dude, kila mtu analo mdomoni. Kitu hakina kichwa wala miguu, hujui ukiiteje, unasema dude. Mkwe wangu alinishonea gauni, nikamuuliza hili dude gani, tukanuniana mwezi mzima. Haya, tuyaache hayo. Ila stoo neno hilo lina makali: kikishaandikwa dude, mwisho wa mwezi kinakwenda na watu wa vyuma chakavu. Mzee Lebo hakuliandika hata siku moja. Anasema kitu kinaitwa dude pale mtu anapochoka kukitazama. Aliwahi kukaa na kipande cha mpira siku nne, kumbe soli ya kiatu cha meneja! Akaifunga lebo, akampelekea mbele ya wageni.

Lile bonge alikaa nalo siku tatu. Kwanza akaona bawaba. Kesho yake kufuli, limefungwa. Siku ya tatu, kwenye ufa, spana zimeng'ang'aniana. Akaandika: "Sanduku la fundi wa breki."

Fundi wa breki alikuwa mume wangu. Mwaka wa kumi na moja huu tangu moto ule. Waliofia mle ndani hawakutambulika, na mimi nilikuwa najidanganya, labda alitoka mapema, labda yuko mahali hajitambui. Lakini mume wangu hatoki kazini bila sanduku lake, hata kuja kunichumbia alikuja nalo. Mzee Lebo akaja nyumbani, kofia mkononi. "Shemeji, nimelijua ni nini." Nikakaa chini palepale.

Kulichukua sikuweza. Likiwa rafuni nafagia, nalipitia, naona kama bado yuko zamu. Kila mwaka Mzee Lebo analifunga lebo mpya, wino usije ukafutika. Jana huyo anayekuja kushika stoo kapita pale, kasema, "Na hili dude je?" Nikaegemeza ufagio, nikamwambia Mzee Lebo alishushe, nalipeleka nyumbani.

Shemeji yangu, umetutunzia mpaka vilivyoungua. Ahsante. Kayapumzishe hayo macho, Mungu akupe siku nyepesi na watu wa kukaa nao.

Umemsikia? Ananiita kutoka stoo: "Shemeji! Nimeshalishusha. Ni zito, njoo tushikane."

Nakuja, shemeji. Acha kuandika, mwanangu, nisogezee viatu.