Appaji Kadakol, Mzee wa Chama cha Ungo

Waombolezaji wote, watawa wa matha, ile nyumba ya watawa iliyomlea, viongozi wa chama, majirani, na nyinyi wa vyama vingine mliokuja kuhakikisha kwa macho yenu kwamba kweli amekufa, mimi ni Kotresh, mjukuu pekee wa kiume wa marehemu, shule niliiachia darasa la nane, na najua nusu yenu hamtayaamini nitakayoyasoma, basi asiyeamini anyooshe mkono sasa hivi nimwone sura, maana nikishaanza sitaki minong'ono. Hakuna? Haya. Wanaume wa mji huu wanajua kubisha kwenye chai tu.

Shangazi Neelavva, binti wa marehemu, ameniagiza nisome kwa heshima na nisitazame getini. Sitatazama. Kila mtu anajua aliyeko pale ni Rachappa Tuppad, katibu wa chama kwa miaka ishirini na tisa, amesimama juani tangu saa tatu asubuhi na majani matakatifu ya mti wa bilva mkononi, anaomba aingie amwekee mzee wake kabla hatujamshusha kaburini, na vijana wa chama wamefunga geti kwa mnyororo, ufunguo uko kwa shangazi.

Marehemu Channaveerappa Mallappa Kadakol, ambaye nyinyi mlimwita Appaji na mimi nilimwita Babu, alizaliwa tarehe 14 Januari 1944, siku ya Sankranti, sikukuu ya mavuno, katika kijiji cha Hirebidari, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Mallappa, mkulima wa mtama na pamba. Cheti cha shule kinasema 1 Juni, lakini mwalimu mkuu aliwaandikia watoto wote 1 Juni, kwa hiyo kijiji kizima kina siku moja ya kuzaliwa na msimlaumu marehemu kwa hilo.

Alisoma shule ya kijijini kuanzia mwaka 1950, kisha akaenda kuishi hosteli ya matha, alikolishwa bure na kuchapwa bure, akamaliza darasa la kumi mwaka 1961 baada ya kufeli hesabu mara mbili, jambo ninalolisoma kwa sauti ili walimu mnaonisema mjue nimerithi.

Mwaka 1963 aliajiriwa karani wa ushirika wa pamba, na angebaki karani hadi leo kama si ukame wa mwaka 1972, serikali ilipoleta mtama wa msaada uliojaa mawe, naye akawaongoza wanawake mia tatu, kila mmoja na ungo wake kichwani, hadi uwani kwa ofisa wa wilaya, wakaketi chini wakaanza kupepeta. Ofisa akatoka mbio, kiatu kimoja mguuni.

“Nyie mama zangu, mnafanya nini hapa?”

“Tunakuandalia chakula chako, bwana mkubwa,” akajibiwa na kikongwe mmoja. “Rundo hili mtama, letu. Rundo hili mawe, lako. Unakula na chumvi au bila?”

Hapo ndipo ungo ulipozaliwa. Mwaka 1975, wakati wa Hali ya Hatari, alifungwa miezi kumi na mitatu, mwaka 1983 akachaguliwa mbunge wa jimbo hili, akachaguliwa tena mwaka 1985, akaangushwa mwaka 1989, na mwaka 1994, baada ya kugombana na wakubwa wake, alianzisha Chama cha Wakulima wa Mvua, kile ambacho hakuna aliyewahi kukiita hivyo, sote tunakiita Chama cha Ungo, yeye mwenyekiti na Rachappa katibu, ofisi yao chumba kimoja juu ya duka la mbegu. Mwaka 1996 alikuwa waziri wa visima na mabwawa madogo kwa miezi kumi na mmoja, akajiuzulu kwa sababu ya kisima kimoja tu, akamwambia kiongozi wa serikali mbele ya baraza zima, “Mheshimiwa, nimekwenda kunywa maji ya kisima ulichokilipia, nimekuta mbuzi amelala ndani.” Viti alivyoshinda, pamoja na vile vya baada ya kuanzisha chama, ni saba, na asiyeamini akahesabu mwenyewe.

Alifunga ndoa tarehe 8 Mei 1969 na bibi yetu Gangavva, aliyefariki mwaka 2011, mama aliyekuwa na kalenda ya nyakati imepigiliwa ukutani jikoni, na hakuna sufuria wala safari iliyoanza katika ule muda wa saa moja na nusu wenye nuksi kila siku, saa ya Rahu, pepo la kivuli, ambayo Alhamisi huingia saa saba u nusu na kutoka saa tisa alasiri. Babu aliicheka kalenda ile maisha yake yote, tena hadharani, maana watawa waliomlea walimfundisha kwamba mcha Mungu haogopi saa.

Mungu aliwajalia watoto wawili, shangazi Neelavva, na baba yangu, Mahantesh, ambaye mwaka 2004 Babu aliamua kumwachia kiti. Alhamisi tarehe 1 Aprili mwaka huo Babu aliita waandishi wa habari, akataka mwanawe apeleke fomu za ugombea saa nane mchana, katikati ya Rahu, ili nchi ione chama hiki hakiogopi vivuli. Nilikuwa na miaka mitano, nimeshika sari ya bibi, na bibi ameshika mlango.

“Mahantesha, mwanangu, nenda kesho asubuhi.”

“Mama, magazeti yako nje, unataka nifiche uso wapi?”

“Mwache apite, Gangavva,” Babu akasema, “Rahu hana kura jimbo hili.”

Waandishi wakacheka, wakaandika. Siku kumi na tisa baadaye, tarehe 20 Aprili, lori la miwa lilimgonga baba kwenye daraja la Hirebidari, akafa palepale, na Babu hakuwahi kuirudia sentensi ile, wala hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Mwezi wa pili mwaka 2021 figo za marehemu zilishindwa kazi, akaanza kusafishwa damu kwa mashine katika hospitali moja ya Hubballi, mara mbili kwa wiki, na hata hivyo mwaka 2023, akiwa na miaka sabini na tisa, akasema atagombea tena. Rachappa alimfuata hospitalini, mimi nikiwepo, nimeshika chungwa.

“Appaji, pumzika. Safari hii niachie mimi.”

“Ungo hauazimwi, Racha.”

“Siuazimi. Nimeubeba miaka ishirini na tisa, mabega yamepinda.”

“Basi nenda kayanyooshe. Kiti ni changu.”

Walinuniana siku sita, na kwa sababu ya kununiana huko, karatasi za ugombea zilipelekwa mapema lakini fomu ya chama ikabaki, ile fomu moja yenye sahihi ya mwenyekiti kwa wino, ambayo msimamizi wa uchaguzi asipoipokea kabla ya saa tisa alasiri ya siku ya mwisho, mgombea hana chama wala alama yake ya ungo, ni mtu tu. Siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi, tarehe 20 Aprili 2023. Babu alitia sahihi kitandani hapa nyumbani saa saba kasorobo, akanipa mimi, kwa sababu hakuna anayeendesha pikipiki kama mimi kutoka hapa hadi Hubballi, bisheni, na Rachappa, aliyekuwa amekubali kwa shingo upande, alikuwa anasubiri ofisini kwa msimamizi.

Kilichotokea mmekisikia mara mia kutoka kinywani mwangu, kwamba nilikata kilomita hamsini na nane kama kishada, nikakuta geti la reli limefungwa, likabaki limefungwa dakika arobaini bila treni, na mlinzi wa geti ni shemeji yake Rachappa, nikafika saa tisa na dakika mbili, mlango umefungwa. Babu aliingia kwenye karatasi za kura na alama ya bomba la maji, wanawake wa vijijini wakautafuta ungo wasiuone, akashindwa kwa kura 1,806. Tarehe 21 Mei Rachappa alifukuzwa chamani, mlango wake ukapakwa kinyesi cha ng'ombe, uchumba wa binti yake ukavunjika, na shemeji yake akahamishwa. Vijana mlioko getini, wengine ndio mliopaka, nawaona.

Marehemu aliendelea na matibabu hadi Jumatatu ya jana, tarehe 11 Novemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, alipokata roho nyumbani, akiwa na miaka themanini, mimi nimemshika mkono. Ameacha binti mmoja, wajukuu watatu na chama kimoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Hubballi, hasa muuguzi aliyevumilia kupewa hotuba kila sindano, inawashukuru majirani waliopika tangu jana, wafanyakazi wa ushirika wa pamba, watawa waliompaka majivu matakatifu na kumketisha kwa heshima kama tunavyozikwa sisi, na wanachama wote wa Ungo. Karatasi aliyoniandikia shangazi inaishia hapa.

Sasa sikilizeni, na wewe shangazi usininyang'anye kipaza sauti.

Geti la reli lilifungwa, ndiyo. Dakika sita. Treni ya abiria ikapita, geti likafunguka, yule shemeji mtu hata alinipungia mkono. Nilifika uwanja wa ofisi saa nane na dakika ishirini, pikipiki inatoa moshi, fomu iko kifuani ndani ya shati, na kutoka pale hadi mezani kwa msimamizi ni hatua arobaini, nilizihesabu kwa macho. Sikuzitembea. Niliketi juu ya pikipiki nyuma ya duka la kutoa nakala, mimi Kotresh, ninayewaambia kila siku kwamba siogopi polisi wala fahali, nikaogopa saa. Ilikuwa Alhamisi, ilikuwa Aprili, Rahu yuko kati, na jina kwenye fomu ni Kadakol. Nilikuwa na babu mmoja tu aliyebaki.

Hesabu zangu mnazijua. Nikajiambia Rahu anatoka saa tisa kamili, na mlango unafungwa saa tisa kamili, basi nitaingia kwenye ule ufa, nitapata vyote viwili, kiti na Babu. Rachappa akanipigia simu. Nilikuwa namwona kupitia dirishani, amesimama, anajipangusa jasho kwa ncha ya shuka lake.

“Kotya, uko wapi, mwanangu?”

“Geti la reli limefungwa, mjomba.”

“Lala chini upite na fomu, acha pikipiki! Nitamwomba huyu bwana angoje, nitamshika miguu, wewe njoo tu!”

Na alimshika. Nilimwona anainama, mzee wa miaka sabini, anashika miguu ya kijana wa serikali kwa ajili ya kiti alichokitaka yeye mwenyewe. Simu yangu ilipoandika saa tisa nikakimbia. Saa ya ukutani ya ofisi ile ilikuwa mbele dakika mbili.

Usiku ule mtu akasema lazima ni shemeji wa Rachappa, mimi nikasema ndiyo. Neno moja. Baada ya hapo hadithi ilikuwa tamu, mnaninunulia chai niisimulie, nikaongeza dakika kila mara, zilianza kumi na tano.

Babu sikumwambia. Jana alfajiri jina la mwisho alilolitaja ni la Rachappa, na halikuwa kwa wema, na mimi nimemshika mkono, nikamwacha aondoke nalo.

Kwa hiyo katika shukrani kuna jina moja nililiruka, la Rachappa Tuppad, aliyekibeba chama hiki miaka ishirini na tisa na kunibebea uongo wangu mwaka na nusu. Shangazi, nitupie huo ufunguo. Vijana, mpisheni aingie na majani yake, na anayetaka kunipiga asubiri nimalize. Babu, sasa umeyasikia. Pumzika.