Kona Nne za Kiti cha Mama Akili Wapi

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu, waheshimiwa madaktari na wauguzi, mama yetu tunayemuaga leo, mjomba wangu uliyefunga karakana ili uwepo hapa, ndugu wageni waalikwa, wagonjwa wenzangu wa zamani na wa sasa, na wewe mume wangu uliyesimama karibu na mlango: shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za mchana.

Nimesema mume wangu. Mtanisamehe, nitalisema tena na tena, maana hatujamaliza hata mwezi tangu tufunge ndoa, na neno lenyewe bado ni tamu mdomoni.

Wagonjwa wamenichagua niwasemee. Mimi ni fundi wa makochi. Mkono wangu wa kulia hupiga misumari, na huu wa kushoto, wenye pete, ndio unaovuta ngozi juu ya sponji kwa koleo. Mkono unaovuta ukilegea, kona ya kiti inafanya makunyanzi, na mteja anakirudisha. Basi mwaka jana nilianguka kutoka juu ya lundo la fremu, nikavunjika kifundo cha mkono huuhuu. Mjomba, ambaye hajui kupamba maneno, alikuja wodini akaniambia, "Pole, mwanangu. Lakini meza yako siwezi kuiacha tupu. Mkono ukikataa kuvuta, nitakuhamishia kwenye kukata vitambaa, na mezani nitaweka mtu mwingine." Nilicheka mbele yake. Alipoondoka nililia, kwa sababu sijawahi kutaka kazi nyingine yoyote duniani.

Ndipo nikaletwa chumba cha mazoezi, ghorofa hii hii, mlango unaotazamana na lifti. Mikono yangu ikiwa mmoja mzima na mwingine kwenye plasta, nikakutana na mama huyu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Funga ngumi ya kushoto," akaniambia.

"Mama, na plasta hii?"

"Sikukuambia usogeze vidole. Fikiria msuli wa hapa unajikaza. Ukaze kwa mawazo, uuachie, uukaze tena."

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo babu mmoja, dereva wa greda, amefungwa goti. Akaninong'oneza, "Mjukuu wangu, hapa tumeletwa kutibiwa au kuota ndoto?"

Mama akageuka pale pale. "Na wewe babu! Mguu unapanda, unashuka, akili iko wapi?"

Ni nani katika ukumbi huu hajawahi kuulizwa swali hilo? Ndiyo maana hospitali nzima inamwita Mama Akili Wapi, na leo nalisema jina hilo mbele yake kwa mara ya kwanza, kwa kuwa hawezi tena kuniongezea mazoezi.

Plasta ilipofunguliwa alinipa mpira wa kukamua. Nikakamua huku napiga soga. Akaninyamazisha, akachukua kidole changu cha kulia akakiweka juu ya mkono dhaifu, chini kidogo ya kiwiko. "Usikamue mpira. Kamua hapa, uhisi nyama ikijikusanya." Wenzangu, mpira ulikuwa ule ule na mkono ule ule, lakini msuli uliinuka chini ya kidole kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Alinieleza kwamba msuli hungoja amri kutoka kichwani, na amri ikiwa nusu nusu, kazi nayo inakuwa nusu nusu. Wala hakunidanganya. Alisema mfupa huunga kwa wakati wake, na kwamba mzigo ukiwa mzito mpaka unakaribia kukushinda, mwili wenyewe huita kila msuli, hapo kuwaza hakukuongezei kitu kikubwa. Lakini kwa mizigo ya wastani, ile tunayoibeba kila siku, akili ikiwepo msuli unafanya kazi zaidi.

Sasa, ndugu zangu, akili yangu ilianza kuhama. Pale mbele ya mlango wetu, kwenye lifti, palikuwa na fundi wake, amevaa ovaroli ya buluu, na ana tabasamu ambalo sitalieleza kwa sababu mnaliona pale mlangoni. Kuna kifaa cha kupima nguvu za mkono. Ukikamua, mshale unapanda. Mama aligundua kwamba kila fundi huyu akipita, mshale wangu unashuka! Akamfukuza: "Wewe kijana, unakula nguvu za mgonjwa wangu!" Lakini lifti ikazidi kuharibika. Wagonjwa wa juu wakapanda ngazi wiki nzima. Mume wangu anakana mpaka leo kwamba alikuwa na mkono wake katika jambo hilo.

Siku ya kipimo cha mwisho mjomba alikuja kujionea. Mama alikuwa amebandika utepe mwekundu kwenye kifaa: mshale ukivuka hapo, narudi mezani. Nikakamua. Mshale ukaishia chini ya utepe. Mjomba akatazama viatu vyake. Wakati huo huo nani akachungulia? Fundi! Nikajua mama atamfukuza. Badala yake akasema, "Ingia. Simama mbele yake, usiseme neno."

Nikataka kufumba macho. "Fumbua," akasema mama. "Karakanani utafumba? Mtazame, na akili ibaki mkononi."

Nikamtazama. Mzuri vile, Mungu wangu! Nikaweka kidole chini ya kiwiko, nikauita ule msuli, nikakamua. Mshale ukapanda, ukagusa utepe, ukavuka.

Mjomba akasema neno moja: "Jumatatu."

Na fundi, masikini, akauliza kwa unyonge, "Yaani umenitazama muda wote ule hukuniona?"

"Sikukuona," nikamjibu. "Sasa nakuona." Mengine mnayajua, na wengine mlikuja kwenye harusi.

Mama, unastaafu. Wagonjwa wamekuletea zawadi, ni kile kiti kilichofunikwa shuka karibu na mume wangu. Yeye na mjomba wamekipandisha kwa ngazi, kwa kuwa lifti leo imeharibika, na safari hii ni kweli. Kona zake nne nimezivuta mwenyewe kwa mkono huu. Pitisha kidole chako, utafute kunyanzi. Halafu keti, uegemee, uache akili iende inakotaka kwenda. Kwenye kiti hiki hakuna mtu atakayekuuliza iko wapi.

Kwa niaba ya wagonjwa wote, asante, mama. Nanyi nyote, asanteni sana kwa kunisikiliza kwa utulivu huu. Mume wangu, toa shuka.