Lugha ya Bwana Koti

Benchi la avenue ya kumi na mbili, mtaa wa Buyenzi, lina miguu mitatu na tofali, kwa hiyo wanaolikalia huinuka kwa makubaliano. Jumamosi ile ya mwaka tisini na tisa walikuwa watatu: Adolphe, tarishi wa ofisi moja ya serikali, aitwaye Ministre, yaani Waziri, kwa ajili ya mkoba wake usio na kitu ndani, Hugues wa Kinanira, yaani Profesa, aliyesoma chuo kikuu miaka miwili na kukisimulia kumi, na Musafiri, fundi cherehani kutoka Uvira, jina la kijiweni Sindano. Daphrose, muuza kahawa wa hapo, aliwamiminia na kujitia hasikii. Kesho yake saa nane mchana sinema ya Aloys, iliyofungwa miaka mitatu, ingefunguliwa kwa filamu ile ile ambayo mtaa mzima uliiona mara ishirini na kuibatiza Bwana Koti. Tofauti ilikuwa moja: safari hii haingekuwa na msimulizi. Zamani Massoudi, mume wa Daphrose, alikaa nyuma na mikrofoni akiwasimulia watu kwa Kiswahili. Mwaka tisini na sita alivuka mpaka wa Gatumba kwenda Uvira kutafuta mikrofoni mpya, vita vikawaka huko, na tangu hapo hakuna aliyeleta habari, nzuri wala mbaya.

— Shemeji, kesho unakuja? akauliza Adolphe. Nikushikie kiti?

— Apana. Mi niko na kazi.

— Siku ya Mungu?

— Kahawa haiendi misa, Ministre.

Kazi hakuwa nayo. Aliogopa jambo moja: siku filamu ile itakapojisemea yenyewe, mtaa utazoea, na yeye atakuwa mjane bila mtu kumletea habari.

— Mi nangoja mwisho tu, akasema Musafiri. Bwana Koti anafungua mulango, anaingia, anakuta kisima cha baba yake.

— Kisima ndani ya nyumba, Sindano? Hugues akacheka. Anakuta yule mujane wa oteli, wanaoana!

— We ulilala. Siku yangu mimi, akasema Adolphe, nyuma ya mulango kulikuwa shamba. Akasamehe wote, akalima mihogo.

— Mihogo! Kwenye jangwa lile?

— Massoudi alisema mihogo.

— Écoutez, sikilizeni, akasema Hugues, akikunja mguu. Hiyo ni logique. Filme zilikuwa tatu. Moja ya Wazungu, moja ya Waafrika, moja ya wasomi.

— Na we uliona ipi?

— Zote.

— Apana, akasema Musafiri. Bobine, ule mkanda, ilikuwa inanyeshewa. Filme ikilowa inabadilisha mawazo.

— Nyinyi mnacheza. Adolphe akaupigapiga mkoba. Mwisho ulikuwa unaletwa na ndege, kwa valizi, sanduku la ambasade, kila wiki mwingine.

— Nani alikwambia?

— Mambo ya serikali hayana nani.

Daphrose akaitua birika kwa kishindo.

— Hakukuwa valizi wala mvua. Massoudi alikuwa anachungulia nani ameingia. Akiona wengi wametoka kuzika, siku hiyo hakuna anayekufa. Mutu anapigwa risasi, anaanguka, Massoudi anasema: huyu amechoka, mumuache apumzike.

Adolphe akaulaza mkoba magotini. Kisha akasema, polepole:

— Ni kweli. Ile wiki ya kaka yangu, watu kumi na mmoja walipumzika barabarani. Mi nikacheka. Nilikuwa sijacheka toka matanga.

Kando yao mwanamke mmoja alikuwa ametua beseni lake la ndagala, dagaa wa ziwani, ili anywe kahawa. Aliitwa Benite, mkimbizi wa Uvira, wiki ya pili tu mtaani.

— Ba papa, samahani, mi ni mugeni. Hiyo filme yenyewe ilikuwa inasema luga gani?

— Kifaransa, akasema Hugues upesi.

— Basi we ulikuwa unamuhitajia Massoudi nini, Profesa? akauliza Musafiri.

— Kitaliano, basi.

— Umejuaje?

— Mikono yao.

— Acha uongo, akasema Adolphe. Hakuna aliyesikia. Aloys alikuwa anazima sauti ya ukumbi ili Massoudi asikike. Massoudi peke yake alikuwa na kale kaboksi ka kusikilizia, ameweka sikioni.

Wote wakamgeukia Daphrose.

— Shemeji?

Akafungua kinywa. Miaka sita aliishi na Massoudi nyumba moja. Alijua jinsi alivyokohoa kabla ya kusimulia mambo ya mapenzi, alijua alivyolala mdomo wazi baada ya kusema saa mbili mfululizo. Hili hakuwahi kumuuliza. Kila Jumapili kulikuwa na sauti iliyoingia katika sikio lile moja tu, naye akairudisha kwao imekwisha kuwa yake. Kumbe kesho hawakuitiwa filamu isiyo na Massoudi. Waliitiwa kusikia alichokuwa akisikia yeye.

— Sijui, akasema.

Akainamisha birika. Yakatoka masimbi matupu, akayamwaga mferejini.

— Ministre.

— Shemeji.

— Nishikie kiti. Kisiwe cha mbele. Kiwe nyuma kabisa, pale anapokaa.