Fisi Hakai Majini

Benchi la Mudathiru liko mbele ya mashine ya mpunga ya Bugarama, pembeni ya barabara iendayo mpakani Kamanyola. Wapita njia huwaita wanaolikalia wavivu, na wao huwaita wapita njia wajinga, basi wameishi kwa amani. Mudathiru anamimina kahawa ya tangawizi, wenzake wanamimina maneno. Mwanamke pekee hapo ni Nzigire, mama wa Kamanyola, upande wa Kongo, anayevuka mpaka kila asubuhi na beseni la ndagala, yaani dagaa; nafasi hakupewa, aliichukua. Siku hiyo kikombe chake kilikuwa kinapoa mkononi. Osée, dereva wa pikipiki aitwaye Waziri, alikuwa ameleta habari ya tangazo lililobandikwa sokoni: mafunjo ya mwisho kando ya mto yatafyekwa yawe mashamba ya mpunga, ripoti ikishathibitisha kwamba mnyama wa humo, fisi maji, hayupo tena. Tangazo lenyewe Osée hakulisoma, alilisikia tu, lakini hilo halijawahi kumfunga mdomo.

Osée: Balimutafuta, balimukosa. Imekwisha.

Protais, mlinzi mstaafu wa mashine, anayeitwa Profesa kwa ajili ya miwani yake yenye kioo kimoja, aliguna.

Protais: Fisi mu maji? Ile hata Noa hakuipakia.

Osée: Profesa, nyama za pori ziko na vyeo. Inaanza "haina wasiwasi", inapanda "inakaribia hatari", inapanda tena "hatarini", kisha "hatarini kabisa". Mwisho "imetoweka".

Protais: Cheo gani ya kupanda mpaka unakufa?

Mudathiru: Na banajua aje?

Osée: Banaangalia zimebakia ngapi, ziko wapi, zinapunguka mbio namna gani. Na banauliza bantu.

Protais: Ah, njo ile! Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Balikosa moja, basi banaandika zote zimekufa.

Osée: Miye nasema ilivuka Kongo. Huku banaomba jeton ya kuvuka mpaka, kule hakuna mwenye anahesabu.

Mudathiru: Fisi na jeton?

Osée: Na iko na bibi wawili, mmoja kila upande. Siku ya kuhesabu iko kwa ule mwingine.

Protais: Basi batuandike na siye. Ku benchi hii tulikuwa tisa, tumebakia watatu na Maman Nzigire, na hatuzai tena. Tuko hatarini kabisa!

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Nzigire hakucheka.

Nzigire: Miye njo nilimujibu yule mutoto wa ripoti.

Osée: Ulimujibu nini?

Nzigire: Aliniuliza, mama, umewahi kuona fisi maji? Nikamuambia, fisi inakula mbuzi ku mulima, mu maji itatafuta nini? Soko yote ya samaki ilijibu vile. Tulimucheka, akaandika.

Osée: Mulisema kweli.

Nzigire: Leo asubuhi niliona picha ku tangazo. Manyoya, mukia munene, sharubu kama ya Profesa.

Protais aliweka kikombe chini.

Protais: Inzibyi?

Nzigire: Inzibyi! Loutre! Kumbe fisi maji njo ile mwizi ya samaki mu nyavu ya bwana yangu!

Aibu ilimpanda Nzigire, na hasira juu yake. Miaka ishirini alimtukana mnyama yule kila wavu ulipochanika, lakini kumtukana ni kitu kimoja, kumtokomeza ni kingine. Hakutaka kicheko chake cha sokoni kiwe ndicho kilichomfuta duniani.

Osée: Asiyekuwepo na lake halipo, Maman. Mafunjo itakatwa.

Nzigire: Eko, iko! Mutoto akibatizwa jina ingine, anakufa? Hawatakata kitu kwa mudomo yangu miye!

Hapo akatokea msichana mwenye daftari kifuani. Ndiye yule mtoto wa ripoti mwenyewe, Larissa, mwanafunzi aliyelelewa Tanzania, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama mstari wa rula.

Larissa: Shikamooni. Mama Nzigire, nimekuja uweke sahihi kwenye jibu lako.

Nzigire: Siweki! Futa!

Wakamweleza wote kwa pamoja, kila mmoja akikanyaga maneno ya mwenzake. Larissa alisikiliza mpaka uso ukamng'aa. Akaketi ukingoni mwa benchi, akafungua ukurasa mpya.

Larissa: Afadhali mmeniambia kabla ripoti haijafungwa. Basi niambieni tu, mara ya mwisho mlimwona lini?

Protais alikuwa wa kwanza. "Mwaka ule wa mafuriko," akasema, kisha akajiuliza mafuriko yapi. Osée alikumbuka kwamba yeye alisimuliwa tu. Mudathiru alitikisa chupa yake ya kahawa. Nzigire alihesabu kurudi nyuma: wavu huu haujachanika, ule wa kabla yake haukuchanika. Mume wake alikuwa ameacha kulalamika, na yeye alidhani ni uzee. Moyo ulimwuma kama amefiwa na mtu aliyegombana naye.

Kalamu ya Larissa ilishuka kuelekea karatasi. Nzigire akaifunika karatasi kwa kiganja chenye magamba ya ndagala.

Nzigire: Usiandike.

Larissa: Lazima niandike kitu, mama.

Nzigire: Andika hatujatafuta.

Akasimama, akajifunga kitenge kiunoni.

Nzigire: Profesa, inuka. Waziri, washa pikipiki. Na wewe mutoto, vua viatu. Mu mafunjo kuko matope.